Mwenye programu aambiwe inapobadilishwa

VYAMA vingi vya ushirika na wafanyabiashara wanaotengenezewa programu za kompyuta za kupokea maziwa, kutunza stoo au kulipa wakulima, hujua kwamba programu imebadilishwa siku hesabu zinapogoma. Hii si haki. Aliyetoa fedha ndiye alipaswa kujua kwanza.

Uwezo wa kumjulisha upo. Mafundi wengi huhifadhi maandishi ya programu, yaani msimbo, katika ghala linaloendeshwa kwa Git, chombo alichobuni Linus Torvalds mwaka 2005. Ni kama leja ya stoo: kila badiliko huingia na saa yake, jina la aliyelifanya na maelezo mafupi. GitHub, huduma ya kutunza maghala hayo iliyoanza mwaka 2008, inaweza kupeleka taarifa papo hapo kwenye kundi la mazungumzo la Slack. Kwa Telegram huwekwa programu ndogo ya kupokea katikati. Mafundi wenyewe wamezoea kuarifiana hivyo kwa miaka mingi, ila mteja hawamwiti kundini.

Chukua mfano wa chama kinachokata sh 30 kwa kila lita ya maziwa kwa ajili ya usafiri. Fundi akiandika 50 badala ya 30, mkulima anayepeleka lita 10 kwa siku atapungukiwa sh 200, na kwa siku 30 ni sh 6,000. Ghalani huo ni mstari mmoja tu. Lakini katibu na mweka hazina wakiwamo katika kundi, watauliza siku hiyo hiyo: nani kaamua, na kikao gani?

Wapo watakaosema viongozi wa ushirika hawataelewa. Basi maelezo yaandikwe kwa Kiswahili. "Marekebisho madogo" si maelezo. "Makato ya usafiri yamepanda kutoka 30 hadi 50" ni maelezo. Na zitumwe taarifa za tawi kuu tu, lile linalotumika kulipa watu, maana kundi likijaa ujumbe hakuna atakayesoma.

Hata hivyo, taarifa hizo zisiaminiwe kupita kiasi. Ujumbe ulioshindwa kufika GitHub haiurudii yenyewe, kwa hiyo kimya si ushahidi kwamba hakuna kilichoguswa. Jina linaloonekana katika Git nalo fundi hujiandikia mwenyewe. Tena anwani ya kupokelea taarifa itunzwe kama namba ya siri ya benki. Mwenye nayo anaweza kutuma uongo ukadhaniwa umetoka ghalani. Katibu hana budi kufungua ghala lenyewe kila kabla ya malipo na kulinganisha.

Haya yaingie kwenye mkataba kabla fundi hajalipwa senti, pamoja na sharti kwamba ghala liandikishwe kwa jina la chama. Likiwa kwa jina la fundi, siku akiondoka ataondoka nalo, na kundi halitakuwa na cha kupokea.