Tiba ya leza ielezwe kwa lugha ya mgonjwa

Shangazi yangu ameishi na kisukari kwa zaidi ya miaka ishirini. Katika hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja, aliambiwa kwamba mishipa ya damu iliyo nyuma ya macho yake imeharibika, na kwamba sharti "apigwe mionzi" ili jicho "lichomwe". Kisha akakabidhiwa fomu ya Kiingereza atie sahihi. Hakutia. Jioni alinipigia simu: "Mwanangu, jicho hili halistahimili hata moshi wa kuni, nalo nilipeleke mwenyewe likachomwe? Na jirani yetu aliyepigwa mionzi, si tulimzika?" Jirani huyo alikuwa akiugua saratani. Miezi minane baadaye jicho la kulia la shangazi lilivuja damu kwa ndani, na nuru yake haikurudi.

Wapo watakaosema huo ni ujinga wa ajuza. La hasha! Shangazi aliyafasiri maneno yale kama ambavyo mjuzi yeyote wa lugha yake angeyafasiri. Neno "mionzi" limebebeshwa mzigo mkubwa mno: ni ya jua, ni ya eksirei, ni ya mashine inayotibu saratani. Na "kuchoma" je? Mtanzania huchomwa sindano wala asiwaze moto, ilhali sisi Wakenya hudungwa. Kwetu kinachochomwa ni nyama, makaa na nyumba ya adui.

Leza ni mwanga. Ni mwanga wa rangi moja ambao mawimbi yake huenda kwa hatua moja mithili ya askari wa gwaride, na kwa hivyo huweza kuelekezwa penye nafasi ndogo mno bila kutawanyika. Theodore Maiman aliiwasha leza ya kwanza huko California tarehe 16 Mei 1960, na kabla ya mwaka 1961 kwisha, madaktari wa New York walikuwa wamekwisha kuitumia ndani ya jicho la mgonjwa. Wala fikira yenyewe haikuwa ngeni. Katika miaka ya 1940 Mjerumani Gerd Meyer-Schwickerath alijaribu kutibu retina kwa mwanga wa jua lenyewe.

Mwanga wa kijani unaotumiwa kwa wagonjwa wa kisukari hupenya sehemu ya mbele ya jicho bila kuidhuru, kwa kuwa sehemu hiyo ni angavu kama kioo. Hugeuka joto unapofika kwenye rangi nyeusi iliyo nyuma. Mgonjwa hutiwa matone ya ganzi, akaegemeza kidevu kwenye mashine, akaona mimweko. Madoa 1,200 hadi 1,600 hutiwa kandokando ya retina, aghalabu kwa vikao kadhaa. Kwa nini kuiunguza retina tunayotaka kuiokoa? Kwa sababu sehemu za kando zikikosa oksijeni huita mishipa mipya, nayo ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu. Daktari huitoa kafara pembezoni ili kati ipone, kama mkulima apogoapo mti. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani katika miaka ya 1970 ulidhihirisha kwamba tiba hii hupunguza upofu mkali kwa nusu au zaidi. Hairudishi nuru iliyokwisha kupotea, na yaweza kupunguza uwezo wa kuona gizani. Hayo nayo mgonjwa aambiwe. Siku hizi kuna na sindano za ndani ya jicho, ila hizo humtaka mgonjwa arudi kliniki mara kwa mara, jambo lisilo jepesi kwa anayeishi mbali.

Inashangaza kwamba neno hilohilo linalowatia wagonjwa hofu hospitalini limekuwa hirizi mabarabarani, ambako kila mwenye duka la urembo hulibandika mlangoni kuahidi ngozi laini.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kisomo. Ugumu uko wapi, basi, wa kuchapisha ukurasa mmoja wa Kiswahili, na wa Kikamba au Kiluo penye haja? Lawama si ya madaktari peke yao. Sisi wanaisimu tumekesha kwenye makongamano tukibishana kuhusu istilahi, ilhali hakuna aliyekwenda kliniki ya macho kusikiliza maneno yanayotumika pale. Nami ni mmoja wao.

Jicho la kushoto lilitibiwa. Kabla ya siku hiyo nilimkumbusha shangazi jinsi alivyotukaripia utotoni tulipokuwa tukiunguza karatasi juani kwa miwani ya babu. Mfano huo una kasoro zake za kifizikia, najua. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama atasikia maumivu, kama ataweza kuona siku iyo hiyo, na ni nani atakayemshika mkono wakati wa kurudi nyumbani. Hakuna hata moja kati ya maswali hayo lililojibiwa katika fomu ile.