Usichague Chuo kwa Neno "Kompyuta"

Mtahiniwa, ile fomu ya machaguo unayojaza kabla ya mtihani wa Novemba ina uzito kuliko unavyodhani. Nafundisha Hisabati hapa Malambo, wilayani Ngorongoro, na kila mwaka hawakosekani vijana wawili watatu wa kuniambia, "Mwalimu, nataka kusoma kompyuta, halafu nifanye kazi ya fedha, ile ya kukadiria bei kwa mahesabu." Wameiona kwenye simu. Ndoto hiyo siipingi. Ninachopinga ni namna wanavyochagua chuo: wanatafuta kozi yenye neno kompyuta, basi, wamemaliza.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe. Mtu wa hesabu za fedha hupima hatari na kuipa bei. Huku kwetu hatari tunaijua vizuri. Ukame ukija, kila mfugaji anapeleka mnadani ng'ombe aliyekonda, na bei inaanguka siku ileile unayohitaji fedha. Sasa jiulize: mfugaji alipe kiasi gani leo ili alipwe fidia malisho yakikauka? Swali hilo si la kubuni. Mwaka 2010, huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI na washirika wake walianzisha bima inayotegemea picha za setilaiti. Hakuna anayekwenda kuhesabu mizoga. Ukijani wa malisho ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mwenye bima analipwa. Malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2011, na Andrew Mude, mchumi Mkenya aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Norman Borlaug mwaka 2016. Kompyuta ilisaidia kuzisoma picha zile. Bei ya bima ilitoka kwenye takwimu na uwezekano, sura zilezile unazoziruka kwa sababu "hazitoki sana".

Hata kwa wakubwa wa dunia ni hivyo. James Simons, aliyeanzisha kampuni ya Renaissance Technologies kule Marekani mwaka 1982, alikuwa profesa wa hisabati, na aliajiri wanahisabati, wanafizikia na watu wa kompyuta kuliko wazoefu wa soko la hisa.

Kwa hiyo chuo chako kinaanzia kwenye tahasusi. PCM, EGM na ile ya Fizikia, Hisabati na Kompyuta zote zina Hisabati kamili ya kidato cha tano na sita. ECA haina, ndani yake utapata BAM tu, somo la nyongeza. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja hodari, aliyepata A ya Hisabati kidato cha nne, akachagua ECA kwa sababu "fedha ni biashara". Miaka miwili baadaye alitaka takwimu bima chuo kikuu na hakuwa na sifa, kwani kozi ile inadai ufaulu wa Hisabati ya kidato cha sita. Baba yake alikuwa ameshauza madume kadhaa kumsomesha. Nakiri nami sikumuuliza mapema.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana shahada ya takwimu bima na pia ya sayansi ya kompyuta. IFM, palepale Dar, wana zote mbili. Dodoma, UDOM wana koleji nzima ya kompyuta, pamoja na shahada za hisabati na takwimu. Chuo cha Uhasibu Arusha, pale Njiro, ndicho kilicho karibu na sisi. Nairobi, Strathmore wanafundisha hadi uhandisi wa fedha, ila ni chuo binafsi na ada yake si ya mchezo.

Maoni yangu, na najua walimu wenzangu wa kompyuta watanuna: ukilazimika kuchagua kimoja, chukua takwimu bima, takwimu au hisabati, na programu ujifunze pembeni. Lugha ya Python ni bure na vijana wengi wameijifunza wenyewe. Sijaona kijana aliyejifundisha kalkulasi na uwezekano peke yake usiku kwenye simu. Ukichagua sayansi ya kompyuta, omba orodha ya masomo, uhesabu ni mihula mingapi ina hisabati. Ikiishia mwaka wa kwanza, tafuta kwingine.

Wala nisikudanganye kuhusu ajira. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 na bado ni dogo. Kazi nyingi za aina hii hapa nchini ziko kwenye mabenki, bima, mifuko ya pensheni na kampuni za fedha za simu. Zile za London kwa kawaida hudai shahada ya uzamili, tena ya hisabati nzito.

Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadili machaguo kwenye mfumo wa Selform. Halikai wazi muda mrefu. Kama mtandao wa kijijini kwenu ni kama wa Malambo, utamtuma mtu anayekwenda Wasso au Karatu akubadilishie. Usimwachie achague yeye. Mwandikie tahasusi kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.