Tangi Kwanza, Pampu Baadaye

Ni jambo la kutia moyo kuona klabu ya sayansi ya shule ikijaribu kukuza mboga bila udongo, kwa maji yenye virutubisho yanayozungushwa kwa pampu. Wanafunzi huchanga fedha, hununua pampu, hukata mabomba na kuyapanga kwa ustadi. Aghalabu kitu cha mwisho kufikiriwa ni chombo cha kuwekea maji. Hutwaliwa ndoo yoyote iliyo karibu, ikawekwa popote palipobaki nafasi. Kwa maoni yangu mpango huo umepinduliwa. Tangi ndilo linalostahili kuchaguliwa kwanza, na mahali pake papimwe kabla ya senti moja kutumika kwa pampu.

Maarifa yenyewe si mapya. Katika miaka ya 1860 wanasayansi wa Ujerumani, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, walionyesha kwamba mmea waweza kukua katika maji yaliyoyeyushwa chumvi zinazofaa. Katika miaka ya 1930 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California aliyatoa maarifa hayo maabara na kuyapeleka kwenye kilimo. Baadaye, huko Uingereza, Allen Cooper aliendeleza mfumo ambamo maji machache hutiririka mferejini, yakapita mizizini na kurudi tangini. Mfumo huo ulikuzwa katika nchi za baridi, ndani ya nyumba za vioo, ambako wakulima huweza hata kuyapasha maji moto wakati wa kipupwe. Hapa kwetu tatizo ni kinyume chake, na anayeiga mchoro wa kitabu bila kutafakari huiga pia dawa ya ugonjwa asio nao.

Mizizi huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo oksijeni hiyo inavyopungua. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji safi yenye nyuzi 20 za Selsiasi huweza kushika takriban miligramu 9.1 za oksijeni. Kwa nyuzi 30 hushika miligramu 7.6 tu. Wakati huohuo mizizi yenye joto huhitaji oksijeni zaidi, na baadhi ya vimelea vya jamii ya Pythium, vinavyoozesha mizizi, hustawi. Dar es Salaam, ambako joto la mchana hupita nyuzi 30 katika miezi ya Desemba hadi Machi, ndoo iliyoachwa juani ni hatari kwa mimea.

Hapa ndipo ukubwa wa tangi unapokuwa na maana. Kilojuli 840 za joto hupandisha lita 20 za maji kwa nyuzi 10, lakini lita 200 kwa nyuzi 1 tu. Ni kweli kwamba tangi kubwa hupokea jua jingi zaidi. Hata hivyo, kwa vyombo vya umbo moja, ujazo ukiongezeka mara 10, eneo la nje huongezeka chini ya mara 5. Chumvi nazo ni vivyo hivyo. Tuchukulie kwamba mimea imekunywa lita 10 za maji kwa siku na kuacha chumvi karibu zote. Katika ndoo ya lita 20 ukolezi utakuwa umekaribia kuongezeka maradufu. Katika tangi la lita 200 utakuwa umepanda kwa asilimia 5 hivi. Mwanafunzi aliyekwenda nyumbani Ijumaa atakuta mboga hai Jumatatu, au atakuta majani yaliyoungua.

Kuhusu mahali, mambo mawili ni ya lazima. Kwanza ni kivuli. Mwalimu asitegemee ukuta pekee, kwa sababu katika sehemu kubwa ya Tanzania jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwezi wa Juni na upande wa kusini mwezi wa Desemba. Tangi lililojificha kusini mwa darasa wakati wa Juni litaota jua wakati wa joto kali. Kipaa cha makuti ni salama zaidi. Pili, tangi liwe chini ya mifereji, ili maji yarudi yenyewe kwa mteremko. Umeme ukikatika, maji yote yaliyomo mifereji hushuka. Mifereji 10 yenye lita 4 kila mmoja huleta lita 40 kwa ghafla. Tangi lililojazwa hadi ukingoni litafurika, na virutubisho vilivyonunuliwa kwa michango vitanywewa na mchanga. Yafaa pia kuweka juu kipipa kidogo cha akiba, chenye bomba la kufungulia, ili maji yaendelee kupita mizizini hadi umeme urudi.

Chombo chenyewe kisipitishe mwanga, kwani penye mwanga na virutubisho huota mwani. Plastiki nyeusi iliyopakwa rangi nyeupe kwa nje yafaa sana. Mabati yaepukwe, maana zinki yake huyeyuka polepole na kuidhuru mimea. Saruji mpya hutoa chokaa na kupandisha pH, ilhali mimea mingi hupenda kati ya 5.5 na 6.5. Pipa lililowahi kubeba dawa za wadudu lisitumike kabisa.

Huenda mwalimu akasema kwamba tangi kubwa ni ghali na humeza mbolea nyingi siku ya kwanza. Ni kweli. Lakini mbolea hiyo haipotei, bali hutumika kwa siku nyingi zaidi, na pipa safi lililotumika kubebea chakula litafaa mahali pa tangi jipya. Shule isiyomudu hata hilo, nayo ina udongo mzuri, na ilime udongoni bila aibu.

Nashauri basi kwamba kabla ya kununua chochote, wanafunzi waweke ndoo za maji katika sehemu tatu za kiwanja, wapime joto lake saa mbili asubuhi na saa nane mchana kwa wiki nzima, kisha wachore grafu na kubishana juu yake. Humo mna fizikia, kemia, biolojia na jiografia kwa gharama ya kipimajoto kimoja. Mboga zikifa baada ya wiki tatu, wanafunzi huondoka wakiamini kwamba sayansi ni mchezo wa wenye fedha. Imani hiyo ni vigumu kuing'oa, nasi walimu ndio tutakaokuwa tumeipanda.