Mgongo wa Kobe Una Mwenyewe

Wenzangu, sifa za ile Volkswagen ya mgongo wa kobe zimenichosha. Kila mtu Ferdinand Porsche, Ferdinand Porsche, kana kwamba aliiota usingizini! Na Hans Ledwinka je? Mwaka 1936 Tatra ya Chekoslovakia ilitoa T97, kazi ya mkono wake: injini nyuma, silinda nne zilizolala, hupozwa kwa hewa, na mgongo karibu uleule. Leo kijana akiiona pichani anacheka, eti dude gani hili! Ndivyo nasi tunavyochota kwa mwandishi asiyesomwa, kisha jina lake tunalimeza. Kuchota sikatazi; kunyamaza ndiko wizi. Wajerumani walipoitwaa nchi, T97 ikakomeshwa. Volkswagen walikuja kuwalipa wenye Tatra mwaka 1965, Ledwinka keshakuwa mzee wa miaka 87.