Hisani Siyo Fulana

Kila muhula tunaalikwa matembezi ya hisani. Unanunua fulana, unatembea kilomita tano, unapiga picha, unakula pilau, basi. Mimi nauliza: tukishalipia fulana, muziki na pilau, yule mwenzetu aliyekwama ada anabakiwa na shilingi ngapi?

Huko Wales, Uingereza, ipo njia ya miguu inayofuata pwani kwa kilomita 1,400, iliyofunguliwa mwaka 2012. Wapo wanaoitembea kuchangisha pesa huku wakijigharamia hema na chakula, ili cha mchangiaji kimfikie mlengwa.

Pwani nasi tunayo. Mwenge hadi Bagamoyo, kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga, ni kama kilomita 60. Siku tatu kwa mguu. Wanafunzi 20, kila mmoja akipata wachangiaji 10 wa shilingi 100 kwa kila kilomita, tunapata shilingi 1,200,000. Maji beba mwenyewe, fulana vaa uliyonayo. Tukirudi, hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kila mtu aisome.

Serikali ya wanafunzi, mpo? Jina langu andikeni la kwanza.