Mnada gani huo usiokuonyesha mali?

Kijana wa Nyamarambe anayetafuta pikipiki ya bodaboda ni windo rahisi. Kwenye Facebook anakutana na "mnada wa KRA": pikipiki mpya, bei ya kutupa, ati zilikwama bandarini Mombasa. Tuma arabuni kwa M-Pesa haraka, wateja ni wengi! Akituma, anaitishwa pesa ya usafiri, kisha ya karatasi, halafu anablokiwa.

Anachouza tapeli hapo ni umbali. Anajua hutapanda basi hadi Kilindini kukagua.

Minada ya KRA ipo kweli, lakini mali hutangazwa kwanza kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, wanunuzi wanapewa siku za kuikagua, na malipo hayaendi kwa simu ya mtu binafsi.

Ushatuma? Sambaza ujumbe wa M-Pesa kwa 456 sasa hivi, kabla tapeli hajatoa pesa. Kisha piga ripoti polisi. Sheria ya uhalifu wa mitandaoni ipo tangu 2018. Wengi hunyamaza wakiogopa kuchekwa stejini, na tangazo lile lile linamfikia jirani. Polisi nao wasimuulize mlalamishi mbona alikuwa mjinga. Waulize namba ya simu iliyopokea pesa imesajiliwa kwa nani.