Stempu za Ndege Zisiwe za Wenye Fedha Peke Yao

Nina maoni juu ya Chama cha Stempu. Muhula huu limetolewa shauri kwamba kila mwanachama achange fedha ili tuagize paketi za stempu za ndege adimu kutoka ng'ambo. Mimi silikubali shauri hilo.

Stempu nyingi za paketi hazijapata kubeba barua hata siku moja. Igeuze mojawapo uone: mbele ina muhuri wa posta, lakini nyuma gundi ingali nzima. Hizo hupigwa muhuri karatasi nzima kwa mara moja, kisha zikauzwa kwa wakusanyaji. Tena zipo nchi zilizotoa stempu za ndege wasiopata kutua katika ardhi yao. Picha ni nzuri, sikatai, lakini hata kalenda ina picha nzuri.

Sasa tazama stempu ya Uganda ya senti 50, ya mwaka 1965. Ina picha ya korongo nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu mwenye domo pana kama kiatu. Hukaa katika vinamasi vya mafunjo huko Uganda, Sudan Kusini, Kongo na Zambia, na hata hapa kwetu Tanzania, upande wa magharibi, penye vinamasi vya Malagarasi na Moyowosi. Husimama kimya muda mrefu akimvizia kamongo. (Wale wa bweni letu wanaobisha kwamba hakuna samaki mwenye mapafu, na wamwulize mwalimu wa Biolojia.) Siku hizi korongo hawa ni wachache, maana vinamasi vyao vyalimwa na kuchungiwa ng'ombe, na makinda yao huibwa yakauzwe. Wenzangu wasifu zaidi stempu za dodo wa Mauritius. Lakini dodo alikwisha toweka tangu karne ya 17, na korongo nyangumi yu hai.

Linalonisikitisha zaidi ni habari ya Kidato cha Kwanza. Mwanzoni mwa mwaka walijaa chumba hata wengine wakasimama. Tangu mchango ulipotajwa, wanaokuja ni wanne. Mmoja aliniambia atarudi baba yake akiisha kuuza mahindi. Je, chama hiki ni cha nani?

Naona afadhali fedha zilizomo zinunue albamu moja ya chama, na mtu asibandike ndege yeyote bila kuandika chini yake jina lake, mahali akaapo na chakula chake.

Na ninyi wazazi, twawaomba mtazame masanduku ya barua za zamani. Tafadhali msiibandue stempu kwa ukucha, wala msikate karibu na meno yake. Kateni kipande cha bahasha pamoja nayo, mtuletee Siku ya Wazazi. Kuloweka tutaloweka wenyewe.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne